Gari linamisi na linanuka moto: Mwalimu, injini usiinunue bado

Mwalimu mmoja wa Wete, Pemba, ana RAV4 ya mwaka 1997, ya petroli, na ameniletea swali. Tangu masika gari lake linamisi asubuhi, yaani injini inakosa-kosa mapigo. Likiwaka limesimama, kwenye sailensa (mzunguko wa chini, mafuta hayajakanyagwa), linatetemeka mpaka kioo cha pembeni hakionyeshi kitu. Likishapata moto hutulia, lakini kwenye milima halina nguvu. Mwezi huu imeongezeka harufu ya kuungua: akifika Chake Chake na kuzima gari, harufu inapanda kutoka kwenye boneti, na siku moja aliona moshi mwembamba. Fundi wake amebadilisha plagi mara mbili, na kila mara gari lilikaa sawa wiki mbili kisha likarudia palepale. Sasa ameambiwa injini imekwisha, atafute nyengine Unguja. Anauliza afanye nini.

Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonikamata si moshi wala harufu, ni hizo wiki mbili. Injini iliyokwisha ni nadra kupona kwa plagi mpya. Ringi zikishalika au vali zikishaungua, utie plagi za dhahabu hazitakufikisha hata Konde. Gari linalopona wiki mbili kisha likaugua tena linakwambia kuwa kuna kitu kinaziharibu plagi hizo, na kitu hicho hakijaguswa. Kwa hiyo injini usinunue. Na kwa siku hizi chache usiliendeshe mpaka Chake, kwa sababu nitakayokueleza, maana ninachokiogopa mimi ni moto kuliko injini.

Injini yako ina silinda nne. Kila moja hupiga mara moja katika mizunguko miwili ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Kwenye sailensa ya mizunguko 750 kwa dakika, silinda moja inapiga mara 375 kwa dakika, yaani zaidi ya mara sita kwa sekunde. Moja ikikosa cheche, wenzake watatu wanaibeba, pistoni yake inapanda na kushuka bure, na huo ndio mtetemo unaoupata kwenye usukani. Tatizo ni kwamba nozeli haijui kama cheche haikupiga. Inaendelea kumwaga petroli kama kawaida. Petroli hiyo haikuungua, na lazima itoke. Inatoka mbichi, inaingia kwenye ekzosi, inakutana na masega.

Masega ni ile kauri yenye vitundu vidogo vidogo ndani ya bomba, kazi yake ni kumalizia kuunguza moshi uliobaki. Ukiyapa moshi wa kawaida yanafanya kazi yake kimya kimya. Ukiyapa petroli mbichi yanaiunguza yote humo humo, na joto linaweza kupita nyuzi 1,000. Bomba linakuwa jekundu chini ya sakafu ya gari. Nimeshafungua ekzosi ya gari lililoendeshwa miezi linamisi, masega yameyeyuka na kugandana kama kipande cha sukari guru, na kapeti ya upande wa abiria imebabuka kwa chini. Gari kama hilo ukiliegesha juu ya majani makavu, au pembeni mwa uwanja wenye makuti na makumbi, hujui utakachokikuta ukirudi. Ndiyo maana nakwambia litulie uani mpaka ulipime. Ikiwa huna budi kulisogeza, liwe safari fupi, liegeshwe penye mchanga mtupu, na kizima moto kiwe karibu na kiti chako, sio kimezikwa chini ya mizigo nyuma.

Magari mengi huku kwetu masega yalishatolewa zamani na mtu fulani. Mwambie fundi agonge bomba kidogo kwa chini: likilia kama debe tupu, hayamo.

Sasa harufu. "Ya kuungua" ni neno pana mno, na pua yako ni kipimo kizuri ukiipa nafasi. Oili ya injini ikidondokea manifoldi ya ekzosi, yale mabomba ya kwanza yanayotoa moshi kwenye injini, hunuka kama mafuta ya kukaangia yaliyosahauliwa jikoni. Inachoma puani, na inazidi pale unapozima gari baada ya mlima, kwa sababu njiani upepo ulikuwa unaipeleka nyuma na sasa haina pa kwenda. Maji ya rejeta yenye kulanti yakivuja hunuka utamu, kama shira ya kaimati iliyo motoni. Waya unaoungua hunuka kama ndoo ya plastiki iliyosogea karibu na jiko. Hiyo ya waya haisubiriwi: zima, shuka, chomoa waya wa betri. Petroli mbichi nayo ni vivyo hivyo, na asiwepo mtu na sigara. Harufu ya mayai viza mara nyingi ni masega yaliyolemewa, lakini pia yaweza kuwa betri inayochajiwa kupita kiasi. Weka multimita, kile kipimo cha umeme, kwenye betri injini ikiwa inawaka: isome kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikipita 15, altaneta, ile inayochaji betri, ndiyo inayokusumbua. Breki inayoshika ina harufu yake kavu, inatoka kwenye tairi moja, na milima ya Pemba inaichochea. Nyunyiza maji kidogo kwenye kila rimu baada ya safari, moja ikichemka wenzake wametulia umeshaipata.

Ulivyoieleza wewe, inapanda kutoka kwenye boneti, baada ya kuzima, na moshi mwembamba. Hiyo ni oili juu ya manifoldi, na hapo ndipo ninapounganisha harufu na kumisi. Naamini ni ugonjwa mmoja.

RAV4 za kizazi chako, zile za 1994 mpaka 2000, nyingi zina injini ya 3S-FE, lita mbili. Ukifungua boneti utaona waya nne nene zimezama katikati ya kile kifuniko cha juu cha injini, tapeti kava. Plagi zako hazikai pembeni kama kwenye injini za kizamani zaidi. Zimekaa chini ya visima vinne vinavyopita kwenye hicho kifuniko, na kila kisima kina mpira wa kuzuia oili isiingie. Pembezoni mwa kifuniko kuna gasketi, nayo ya mpira. Gari lako lina miaka karibu thelathini. Mpira uliokaa juu ya joto muda wote huo unakuwa mgumu, ukiukunja unavunjika kama kaki. Oili inapenya ndani ya visima, na kwa nje inateremka mpaka kwenye manifoldi.

Kile kipira cha mwisho wa waya, kinachovaa plagi, kikilala ndani ya oili kinavimba na kuwa laini kama embe iliyopitiliza. Oili ile nayo si safi, ina masizi. Umeme wa plagi unaweza kupita volti 20,000, na umeme hauna subira, unakwenda pepesi. Badala ya kuruka kwenye mdomo wa plagi ndani ya silinda iliyobanwa kwa hewa, unatoboa kipira na kukimbilia ukuta wa kisima. Silinda haikupata cheche. Na asubuhi za masika, hewa ya kisiwani ilivyojaa unyevu na chumvi, waya zilizochoka zinavuja zaidi, kisha joto la injini linazikausha na gari linatulia kidogo. Umeona namna maelezo yako yote yanavyoingia humo?

Hata zile wiki mbili zinaeleweka. Plagi mpya ina kingo kali, cheche inaruka kwake kwa urahisi hata waya ukiwa mbovu. Tena fundi wako, alipozitia, bila shaka alifuta kisima kwa kitambaa. Kikajaa tena taratibu.

Usiyachukue haya kwa imani. Hakikisha kwanza. Kipimo cha kwanza ni tochi. Injini ikiwa baridi, funga nyuzi kwenye waya za plagi kabla ya kuzigusa: fundo moja namba moja, mafundo mawili namba mbili, hivyo hivyo mpaka nne. Namba moja ni ile ya upande wa mikanda. Injini hii inapiga kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na ukichanganya waya utajitengenezea kumisi kwengine. Shika kipira chenyewe, kizungushe kidogo, kisha kivute juu. Usivute waya, utakatika ndani. Kiangalie. Kikitoka kimelowa, kinang'aa na kimelainika, au kina kitundu cheusi kidogo kama mchomo wa sindano, umeshamwona mwizi. Mulika kisima. Mara nyingi oili utaiona inarudisha mwanga. Ukiikuta, inyonye kwa bomba la sindano la duka la dawa, umalizie kwa kitambaa safi kilichofungwa kwenye kijiti, ndipo ufungue plagi. Ukifungua na oili ipo, yote inaangukia ndani ya silinda.

Plagi zitoe zote nne, uzipange mezani kwa namba zake. Yenye rangi ya biskuti, kijivu cha kahawia, ni nzima. Nyeusi na kavu, imejaa masizi ya petroli isiyoungua vizuri. Iliyolowa petroli na inanuka ni ya silinda isiyopata cheche. Iliyolowa oili kwenye mdomo wake wa chini ni habari nyengine, hapo oili inatoka ndani ya silinda. Iliyolowa oili upande wa juu tu, kwenye kauri nyeupe, ni ya kisimani. Tofauti hiyo ya juu na chini ndiyo inayotenga kazi ndogo na kazi kubwa, kwa hivyo usiziache plagi zikafutwa kabla hujaziona. Izungushe pia kauri nyeupe mbele ya macho: ukiona mstari mwembamba mweusi kama unywele unaoshuka, umeme umeshajichorea njia yake hapo, na plagi hiyo haifai tena hata ikisafishwa.

Kipimo cha pili ni usiku. Tafuta chupa ya kunyunyizia, ile ya kupigia nguo pasi, utie maji safi. Gari liwe gia huru na hendibreki imevutwa, mtu mmoja akae ndani. Wewe utakayeinama, kunja mtandio na mikono ya buibui, maana mkanda na feni haviachii kitambaa. Zima taa zote za uani. Nyunyiza maji mepesi kama umande juu ya waya na kwenye kepu ya distribyuta, kile kigawa cheche, kama gari lako linayo. Waya mbovu utauona unamulika kwa cheche za buluu, na injini itazidi kutetemeka papo hapo. Usiziguse waya kwa mkono injini ikiwaka. Mwenye kifaa cha moyo kifuani asisogee kabisa.

Kama silinda iliyokosa bado haijajulikana, kuna njia ya wazee wa gereji ninayoipenda kuliko zote. Injini iliyolala usiku kucha iwashwe dakika moja tu, bati la kinga likiwa limefunguliwa, kisha dondosha tone la maji kwenye kila bomba la manifoldi, moja baada ya jengine. Matatu yatalia "chwii" na kukauka. La silinda iliyokufa litabaki limelowa. Fundi wengi hupima kwa kuchomoa waya mmoja mmoja injini ikinguruma. Inafanya kazi, lakini mkono unaweza kupigwa, moduli ya cheche inaweza kufa, na kila sekunde ya waya nje ni petroli mbichi kwenye masega.

Utaambiwa upeleke gari kwenye mashine ya kusoma hitilafu. Kwa gari lako haitasaidia sana. Mfumo wa kusoma hitilafu za gari la kiwanda chochote kwa mashine moja ulilazimishwa Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996. Gari lililouzwa Japan mwaka 1997 halikufungwa na sheria hiyo, na mengi yana kile kisanduku cha zamani ndani ya boneti. Fundi anaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, anawasha swichi, na taa ya injini kwenye dashibodi inapepesa namba. Namba 14, kwa mfano, inahusu ishara ya cheche. Ni vizuri kuangalia. Lakini mfumo huo hauripoti silinda moja inayomisi kwa ajili ya waya, kwa hiyo taa isiposema kitu usidhani gari ni zima.

Kabla mtu yeyote hajalitaja tena neno "injini", mwombe apime kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, mbele yako. Plagi zote nje, mafuta na cheche vimezimwa, kanyagio la mafuta hadi chini, stata izungushwe mara kadhaa kwa kila silinda. Andika namba. Nne zikikaribiana, tuseme psi 165, 170, 168, 172, injini yako ni nzima na mjadala umefungwa. Moja ikisoma 90, atie kijiko cha oili ndani yake apime tena. Ikipanda, ringi ndizo zilizolika. Isipopanda, ni vali. Mbili zilizo jirani zikianguka pamoja, gasketi ya silinda hedi imeungua katikati yao. Gasketi ya hedi ina dalili nyengine pia: maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja, moshi mweupe wenye utamu, oili imekuwa kama chai ya maziwa. Kifuniko cha rejeta kifungue injini ikiwa baridi tu. Hukuniandikia hata moja katika hizo, ndiyo maana sizitilii shaka kubwa.

Miaka iliyopita gari la kupeleka wageni Paje lililetwa kwangu baada ya kupita gereji nyengine. Walishabadilisha plagi, koili, kisha pampu ya mafuta, na mwenyewe alishakopa. Nikamuuliza lini lilianza. Akasema, siku alipoosha injini kwa mashine ya maji baada ya kukanyaga maji ya bahari. Nilivuta kipira cha kwanza na maji yakamwagika kutoka kisimani. Nilipuliza upepo, nikakausha, nikatia waya. Sikuweza kumrudishia fedha alizokwisha kutoa kwengine, na iliniuma. Tangu siku hiyo namuuliza kila mtu kilichotokea wiki ile gari lilipoanza. Na wewe nakuuliza: injini imewahi kuoshwa?

Ikithibitika ni visima, kazi ni ya nusu siku. Inunuliwe gasketi ya tapeti kava pamoja na mipira minne ya visima, vyote kwa mara moja. Uso wa chuma usafishwe mpaka ung'ae, gundi ya gasketi itiwe kidogo kwenye pembe tu, na boliti zikazwe kwa zamu, kwa mkono mwepesi. Anayekaza kwa nguvu zote anaikamua gasketi nje na kesho inavuja. Waya zipimwe kwa multimita: kipimo cha Toyota ni usizidi kilo-omu 25 kwa kila waya. Wenye kipira kilichovimba utupwe hata ukisoma vizuri. Plagi za NGK au Denso zinazoishia na namba 11 maana yake zimeachwa nafasi ya milimita 1.1, bora uzitafute za duka unaloliamini, maana za bandia ni nyingi na maandishi yake hufutika kwa kucha.

Kuna kidude kimoja ambacho fundi wengi hukiruka, na mimi nakililia. Juu ya tapeti kava kuna vali ndogo ya kupumulia, imeungana na mpira unaokwenda kwenye manifoldi ya hewa. Inatoa mvuke wa ndani ya injini. Ikiziba kwa ugoro wa oili, pumzi ya injini inakosa pa kutokea na inaisukuma oili kwenye kila gasketi. Ichomoe, itikise karibu na sikio. Ikilia "cheke cheke" iko hai. Ikinyamaza, ioshe kwa petroli au ununue nyengine, la sivyo gasketi yako mpya itavuja kabla ya masika yajayo.

Fundi wako usimgombeze. Mpelekee kompresheni kama ombi, atakuelewa.

Baada ya matengenezo harufu haitaondoka siku hiyo. Oili iliyokwisha kumwagika kwenye manifoldi itaendelea kuungua safari mbili tatu, kwa hiyo mwambie aisugue kwa brashi ya waya kabla ya kufunga. Ikipita wiki bado inanuka, angalia masega: gari likikosa nguvu mlimani ilhali silinda zote nne zinapiga, huenda yameshayeyuka na yameziba njia ya moshi. Na ukishavichomoa vile vipira vinne, vipige picha mchana, kila kimoja na fundo lake la uzi, uniletee. Nitakwambia kipi cha kutupa.